Chumba Kilichozidi Uzuri

Mtu akikuambia kwamba kupaka rangi ni kazi ya kujiburudisha, mwulize kwanza kama chumba chake kiliwahi kuwekewa mkaa. Chetu kilikuwa cha mkaa tangu kabla sijazaliwa. Unafuta ukuta, kitambaa kinakuwa cheusi. Unasuuza kitambaa, maji yanakuwa meusi. Unarudi ukutani, ukuta uko palepale unakutazama kama mwalimu wa zamu. Siku ya tatu nilipiga chafya nikaacha ramani ya Afrika kwenye shati la babu, na hakuna aliyecheka, hata mimi mwenyewe. Hapo nikajua tumechoka kweli, kwa sababu kwetu watu hucheka hata matangani.

Yote yalianza na uongo wa dada.

Dada amenizidi miaka kumi. Aliolewa Nakaloke, kule juu ya Mbale, akazaa msichana, akazaa mvulana, halafu ndoa ikafa kifo cha kawaida, bila kelele, akarudi kwetu Walukuba na begi moja. Watoto walibaki. Kule mtoto ni wa ukoo wa baba, na huyo baba ni dereva wa malori anayeonekana nyumbani kama mwezi wa Idi: mnasikia ameonekana, nyinyi wenyewe hamjamwona. Basi wakalelewa na bibi yao, mama yake dereva. Miaka miwili. Kila sikukuu dada alikwenda kuwaona, akakaa kwenye kiti kama mgeni, watoto wake mwenyewe wakampigia magoti kumsalimu, akanywa chai, akarudi.

Hapa Jinja alipata kazi katika kiwanda cha sabuni, shifti ya usiku, kupanga miche ya sabuni kwenye maboksi. Anatoka jua likizama, anarudi saa mbili asubuhi ananukia usafi wa dunia nzima na macho kama ya mfiwa. Alikuwa na neno moja tu midomoni: watoto wangu waje wasome huku. Kila alipopiga simu Nakaloke, bibi yao alimuuliza swali lilelile, na siku hiyo alimuuliza simu ikiwa kwenye spika, sote tukisikia uani.

"Usiku wewe uko kazini. Mchana umelala. Watoto watachezea wapi? Barabarani na boda?"

"Wana chumba chao, mama," dada akasema. "Chumba cha kuchezea. Kizuri kabisa."

Bibi akaguna.

"Haya. Nitawaleta likizo, wiki moja. Wakitulia, watabaki wasome huko. Wasipotulia nakuja kuwachukua, na hayo maneno tuyafunge. Usinipigie tena kwa hayo."

Simu ikakatika. Mama, aliyekuwa anasuka mkeka, akauliza polepole, "Chumba kipi?"

Dada akanyoosha kidole kuelekea stoo ya babu.

Hapo lazima nimweleze babu. Babu ni baba yake mama, na alikuwa askari zamani, katika jeshi ambalo siku hizi watu hawalitaji wakiwa wanakula. Aliondoka huko na koti, Kiswahili, na ugonjwa wa kukagua vitu. Ndiyo maana nyumba yetu inaongea Kiswahili wakati mtaa mzima unaongea Kisoga na Kiganda. Nikigombana na mtu bombani kwa Kiswahili, foleni yote inanipisha. Wanadhani nina mjomba kambini. Hiyo stoo ilikuwa ngome yake ya mwisho.

"Stoo yangu iko na kazi," babu akasema.

"Ni watoto wangu, babu," dada akasema.

Babu akaingiza mkono chini ya kanzu, akafungua ufunguo kwenye kamba ya kiunoni, akauweka juu ya meza. Akaenda kutawadha, na wala haukuwa wakati wa swala.

Tulikuwa na siku kumi. Dada alikuwa anakuja kutoka kazini, anakula amefumba macho, anashika fagio. Mama ana mikeka ya watu. Kwa hiyo kuruta wa kazi alikuwa mimi, msichana wa kidato cha tatu niliyekuwa nimepanga kutumia likizo kwa kulala na kusengenya. Tulitoa magunia ya mkaa, baiskeli isiyo na upande wa mbele, mabati, jerikeni zisizo na vifuniko, na boksi zima la vifuniko visivyo na jerikeni.

"Babu, hiki ni nini?"

"Hiyo spea."

"Spea ya nini?"

"Ya ile ingine."

"Ile ingine iko wapi?"

"Iliharibika."

Rangi tulipata kwa jirani mmoja, fundi anayepaka maduka rangi za makampuni ya simu. Alikuwa amebakiza manjano madebe mawili na nyekundu robo, akatupatia kwa mkeka mmoja wa mama. Nilipomaliza ukuta wa kwanza, mtu akabisha dirishani kuuliza kama tunauza salio. Siku hiyo walibisha watatu. Wa tatu nilimwambia mtandao uko chini, arudi kesho, akaniamini, maskini.

Babu alikubali manjano kwa sharti moja. Nusu ya chini ya kuta iwe kijani kibichi, rangi ya mafuta, debe alilokuwa ameliweka spea.

"Hiki ni chumba cha watoto, babu, si kambi."

"Kambi ilikuwa na ubaya gani? Ilikuwa safi. Mkono ya mtoto ni chafu. Rangi ya mafuta unafuta na maji, mwaka mzima inang'aa."

Nilibisha, halafu nikachoka kubisha. Naona aibu kusema lakini alikuwa sahihi. Alifunga uzi kutoka pembe hadi pembe, akaukagua kwa jicho moja, nikapaka chini yake nimelala ubavu sakafuni kama mtu aliyepigwa risasi. Mstari ule ulinyooka kuliko kitu chochote katika ukoo wetu.

Kreti za soda tulizipindua zikawa rafu. Tairi la gari tulilipaka nyekundu likawa kiti. Dada alitaka misumari ya kutundikia nguo iwe chini, watoto wafikie wenyewe. Akaja asubuhi moja na harufu yake ya sabuni, nyundo mkononi, akasimama mbele ya ukuta. "Mkubwa ananifikia hapa," akasema, akaweka kiganja kwenye nyonga. Akakisogeza juu kidogo. Akakirudisha. "Au hapa." Nilikuwa na mzaha tayari mdomoni, nikaumeza. Mwishowe akapiga pale mkono wake ulipokumbuka. Walipokuja watoto, tukaona msichana ameota kama mhindi wa mvua za masika. Ili atundike sweta, ilibidi ainame kama mzee.

Mama naye alichemsha rangi za mkeka kwenye sufuria zake kuukuu, zambarau na waridi na bluu, akachovya ukindu, akasuka mkeka ambao ukiutazama sana unasikia kizunguzungu. Mikono yake ilikuwa ya zambarau wiki nzima. Muuza samaki kutoka kijiji cha Wanyange alikataa kupokea noti kutoka mikono ile mpaka alipoihakikisha juani. Mkeka ulipokamilika, mama akaona haitoshi. Akatoa sandukuni vitambaa vyake vya kufuma, vyeupe, vyenye pindo za maua, akatandika kimoja juu ya kila kreti. Babu akapanga vitu vya kuchezea: malori ya waya manne, wanasesere wawili wa migomba, na vifuniko vya soda vilivyopangwa kumi kumi. Vyote kwenye mstari mmoja, kutoka kirefu hadi kifupi, vinatazama mlango.

Usiku wa mwisho nilisimama mlangoni na mgongo wangu uliokufa, nikatamani kuwa na miaka mitano. Kilikuwa chumba kizuri kuliko vyote ndani ya Walukuba. Lile ndilo lilikuwa kosa letu, na hatukuliona.

Bibi aliwaleta Jumapili. Mwanamke mrefu, gauni la gomesi la kijani, mshipi umefungwa hasa. Alifunguliwa mlango wa chumba, akatazama kuta, mkeka, vitambaa, jeshi la malori.

"Kizuri," akasema, kama mtu anayetema mbegu ya chungwa. Akanywa chai nusu kikombe. "Jumamosi nitakuja." Akaondoka.

Wakabaki wawili, wa miaka sita na wa miaka minne. Wakasimama mlangoni mwa chumba chao. Wakavua viatu, wakavipanga, wakatazama.

"Karibuni," nikasema. "Ni chenu."

"Asante, mama mdogo," msichana akasema. Mama mdogo! Mimi, ambaye mpaka leo ripoti yangu ya shule iko chini ya godoro. Wakavaa viatu, wakaenda nyuma ya nyumba kuchezea maganda ya muhogo.

Jumatatu nilimwaga hila zangu zote. Niliwatangazia kwamba ndani kuna nyani anagawa biskuti. Mvulana akauliza, nyani gani? Nikaingia nikawa nyani. Nilikuwa nyani dakika ishirini, peke yangu, kwenye chumba cha manjano, babu akinitazama dirishani. Nilipotoka walikuwa wameona pakiti ya biskuti nilipoificha, wamemaliza, wamerudi kwenye maganda.

Jumanne, mvulana alifukuza tairi bovu la baiskeli likampeleka nje ya uzio hadi barabarani. Nilisikia breki kabla sijamwona. Boda ilisimama imekaa upande, mtoto yuko kati ya barabara ameshika tairi lake, mzima, anashangaa. Dada alitoka ndani mbio, miguu mitupu, kanga moja, nywele wima. Alikuwa amelala saa moja tu.

"Nyinyi kina mama wa siku hizi," mwenye boda akamfokea, "kazi yenu kulala tu!"

Nilikuwa na majibu matano ya huyo mtu, yote yenye ukoo wake ndani. Dada alimbeba mtoto, akarudi uani, akachukua kigoda, akakiweka kwenye upenyo wa uzio, akaketi hapo.

"Nenda ulale, tutawaangalia," mama akamwambia.

"Wakienda tena barabarani, bibi yao atasikia."

"Nani atamwambia?"

"Wao wenyewe. Mtoto hafichi kitu. Atawauliza mlicheza wapi, watasema barabarani. Basi, imekwisha."

Jumanne hiyo hakulala. Jioni alikwenda kiwandani. Jumatano akarudi akakaa kwenye kigoda. Alikuwa akisinzia, kichwa kinaanguka, anashtuka anawahesabu: mmoja, wawili. Uso wake ulikuwa na rangi ya uji wa jana. Na chumba kile kiko nyuma yake, kimefungwa, kimenyooka, kizuri, hakina hata alama ya kidole.

Mchana huo nilikuwa namenya ndizi za matooke na msichana, nikaamua kuuliza bila mbwembwe.

"Mbona hamtaki kuingia kwenye kile chumba?"

"Kile ni cha wageni."

"Wageni gani? Mgeni hapa ni wewe."

Akanitazama kwa huruma, kama mimi ndiye wa miaka sita. "Kina vitambaa," akasema. "Na vitu vimepangwa. Kwa bibi chumba cha vitambaa ukiingiza miguu yako, unakula fimbo. Huyu" (akamwonyesha mdogo wake kwa kisu, na kisu nikamnyang'anya) "alikula mbili."

Nikaacha matooke. Ningepiga kichwa changu kwenye ule mstari wa kijani. Siku kumi! Tulijivunja migongo siku kumi kujenga sebule ya bibi wa Nakaloke, na fimbo yake ndani.

Nikamwendea mama. Mama aligoma. "Chumba kisicho na kitambaa ni chumba cha nani? Cha mahabusu?" Nikamwelekezea kigoda na mtu aliyekaa juu yake. Akaenda mwenyewe, akavikunja vitambaa kimoja kimoja, akavirudisha sandukuni. Msichana alichungulia mlangoni, akatoa hukumu: "Mmevificha."

Nikamwendea babu.

"Babu, vuruga vile vitu."

"Nifanye nini?"

"Vuruga. Vionekane vimechezewa."

Aliingia akafunga mlango. Alikaa humo robo saa nzima. Alitoka jasho linamtiririka. Nikachungulia. Malori yalikuwa kwenye mstari uleule, ila sasa yalitazama upande wa pili.

Usiku wa kuamkia Alhamisi mashine moja iliharibika kiwandani, wakapakia kwa mkono hadi asubuhi. Dada alifika saa tatu. Hakutusalimu. Nadhani alitaka kuangalia kama watoto wameingia chumbani, au labda alikosea tu mlango. Aliingia, akaketi kwenye mkeka ili avue viatu vyake vya kazi, akafungua kamba ya kwanza, akaanguka ubavu kama gunia lililokatwa kamba. Aproni ya kiwanda, unga wa sabuni hadi kwenye kope, viatu vyenye tope juu ya mkeka wa zambarau. Mguu mmoja ulilala juu ya malori mawili ya babu.

Nilitaka kumwamsha. Mama akanishika mkono wa nguo. "Ukimgusa nitakugusa."

Watoto wakaja na vikombe vyao vya uji. Wakasimama mlangoni. Mimi nikajifanya nafagia.

"Ana viatu," mvulana akasema.

"Naona."

"Kwenye mkeka."

"Nimesema naona."

"Atapigwa?"

Msichana akafikiri. Babu akapita na birika lake, msichana akamuuliza, "Babu, mama amelala kwenye chumba cha wageni na viatu. Atapigwa?"

Babu akatazama ndani. Nikamwona anatazama malori yake, anatazama tope, shavu linamcheza. "Amechoka," akasema. "Mwacheni."

"Hakuna fimbo?"

"Fimbo ni ya ng'ombe. Unaona ng'ombe hapa?"

Akaenda zake. Mvulana akainua mguu mmoja, na kiatu chake, akauweka ndani. Akangoja. Dunia haikuanguka. Akaweka wa pili. Halafu, kwa sababu alikuwa anatazama miguu badala ya kikombe, akamwaga uji wote sakafuni, na akageuka kututazama akiwa ameshafumba macho kupokea. Hakuna aliyepiga kelele. Nilileta tambara, nikafuta, nikatoka. Ulifutika vizuri.

Hapo wakaanza. Kwanza kwa kunong'ona. Walizungushia kreti kando ya mama yao, wakatengeneza ukuta. Wakachukua malori. Barabara ikapita kwenye mkeka, ikazunguka tairi, ikapanda mguuni kwa dada hadi nyongani, na pale juu lori linapumzika kwa sababu, msichana alieleza, pale ni Wanale, ule mlima unaosimama juu ya Mbale, na hakuna lori linalopanda Wanale bila kupumzika. Ikashuka upande wa pili kwenye tumbo. Dada alikoroma. Wakaamua mlima una ng'ombe ndani.

Niliwaacha nikaenda kuosha vyombo. Niliporudi, mtu ameingiza mkaa. Juu ya mstari wa babu, kwenye manjano, mahali pasipofutika, walikuwa wamechora nyumba, mbuzi, na mtu amelala mwenye viatu vikubwa kuliko nyumba. Babu aliutazama ukuta huo, akasema kwa Kinubi, lugha ya utoto wake, kitu ambacho sitakiandika.

Na hapo, saa saba mchana, Alhamisi, siku mbili kabla ya siku yake, bibi wa Nakaloke akasimama uani.

"Karibu, mama, hatukujua..." mama akaanza, mikono yake ya zambarau ikitafuta pa kujificha.

"Ukitaka kujua nyumba ya watu, usingoje siku uliyowaambia utakuja," bibi akasema. "Watoto wako wapi?"

Hakungoja jibu. Alijua mlango. Nikamkimbilia mbele.

"Bibi, huyu dada kwa kawaida halali hivi, jana mashine..."

Akainua kiganja, mdomo wangu ukajifunga. Ni watu wachache wameweza hilo.

Alisimama kizingitini akaona kile tulichokiona sisi, ila kwa macho yake: mkwe wake amelala mchana kweupe na viatu kwenye mkeka mpya, uji kifuani mwa mjukuu, mkaa ukutani, kreti zimepinduliwa. Mama alikuwa nyuma yangu anasoma dua kwa midomo tu. Nikasema moyoni, basi, imekwisha. Bibi akainua mguu aingie.

"Bibi, usikanyage!" mvulana akapiga kelele ya kunong'ona. "Hapo ni barabara."

Mguu ukabaki juu. Kiatu cheusi chini ya gomesi la kijani, hewani.

"Nipite wapi?"

"Huku. Ngoja, lori lipite kwanza."

Bibi akangoja, ameshika fremu ya mlango, mguu uko juu, mpaka lori la waya likapita kutoka tairini hadi Wanale, likapumzika, likashuka. Mvulana akampungia mkono kama trafiki. Akaingia. Hakuvua viatu. Akaketi kwenye tairi jekundu, magoti yake yakafika kidevuni.

Alimtazama dada muda mrefu. Ule unga wa sabuni. Zile kamba, moja imefunguliwa na nyingine bado.

"Anafanya kazi siku ngapi?"

"Sita," mama akajibu kutoka mlangoni.

"Na analala lini?"

Msichana, bila kuinua macho kutoka kwenye lori lake, akasema, "Sasa."

Pengine ni ile sauti iliyomwamsha dada, au labda lori lilimchoma ubavuni. Alifumbua macho, akaona viatu vyeusi karibu na pua yake, akafuata gomesi hadi juu. Akainuka kwa kiwiko. Nusu ya uso wake ilikuwa na alama za ukindu. Akatazama ukuta, uji, tope, na nikaona anafunga mahesabu yake yote ya miaka miwili.

"Mama, nakuomba..."

"Lala."

"Siku zingine hawachezi hivi..."

"Nimesema lala. Nimekuja kuona, nimeona. Watabaki." Akajikamua kutoka kwenye tairi, mkono mmoja begani kwa msichana. "Kesho mtu mmoja aje na mimi Nakaloke achukue vitu vyao."

Dada alisema "Ndiyo, ma..." na kichwa kikarudi kwenye mkeka. Hakulimaliza neno. Baadaye, alipoamka jioni, alituuliza kama aliota, na ilibidi babu aapishwe.

Huyo mtu mmoja, bila shaka, alikuwa mimi. Bibi alilala kwetu, na Ijumaa asubuhi tukapanda teksi, yaani basi dogo la abiria. Yeye alisinzia kabla hatujatoka stendi, mimi nikafuata, kondakta akatuamsha Mbale. Tukabadilisha kwenda Nakaloke.

Nyumba yake ni safi mpaka inatisha. Nilivua viatu nje bila kuambiwa. Sebuleni vitambaa vilikuwa kwenye kila kitu, hadi juu ya redio, nikakaa ukingoni mwa kochi nimeinua visigino ili nisiguse zulia. Alinitazama, akacheka kidogo, kicheko cha puani. "Njoo nyuma, mtoto. Unakaa kama mwizi."

Chumba cha watoto kilikuwa nyuma, kidogo, godoro moja, dirisha moja. Alikunja nguo polepole mno. Kila gauni alilipiga kiganja, akalilaza, akalitoa tena, akalikunja upya. Mimi nilikuwa nimechoka mpaka meno. Nilitaka tu kufunga begi.

"Mvulana usimfunike miguu," akasema. "Ukimfunika anaota vibaya."

"Sawa, bibi."

"Msichana akisema hana njaa, ana njaa. Akisema ana njaa, anataka tu kuongea."

"Sawa."

"Akikohoa, usimpe limau peke yake. Na asali. Na asiachwe na mbwa, hata mdogo. Anasema haogopi."

Ili kupunguza uzito nikamtania, "Bibi, mengi hayo. Niandike?"

"Andika."

Sikuwa na karatasi. Nilikuwa na kalamu nywelani, ndio ushamba wangu wa shule. Nikaketi kwenye lile godoro nikaanza kuandika kwenye mkono: miguu, njaa, asali, mbwa. Yeye anakunja, anasema, mimi naandika. Nyimbo gani wakati wa mvua. Sikio lipi liliwahi kuuma. Maneno yakapita kifundo, yakapanda kuelekea kiwiko, herufi zikawa ndogondogo.

"Soma," akasema.

Nikasoma. Alisahihisha mawili. La sikio nilikuwa nimeandika kushoto, lilikuwa kulia. Begi lilikuwa limeshajaa, zipu imefungwa, na bado alikuwa ameketi karibu nami, goti lake limegusa langu, anatafuta la kuongeza.

"Umejaa, bibi," nikamwambia, nikamwonyesha kiwiko.

Akaushika mkono wangu kwa vidole vyake vigumu, akautazama huku na huku kama nguo anayotaka kununua.

"Geuza," akasema. "Upande huu bado."

Nikageuza.